Kubandua rangi ya zamani kwenye treni za modeli

Wenzangu wa treni za modeli, ile mashine ya mitetemo ya mawimbi ya sauti (ultrasonic) wanayosafishia dhahabu masonara wa Mji wa Kale inatoa rangi vizuri sana lakini spiriti ianze: toa mota na mataa, loweka bodi (gamba la nje) ya plastiki usiku kucha kwa spiriti ya duka la dawa kwenye chupa yenye kifuniko (jaribu upande wa ndani kwanza), suuza, ndio uitie kwenye mashine na maji na sabuni ya vyombo, dakika chache chache huku waangalia. Mitetemo inafanya vipovu vidogo kwenye maji, navyo vinapasuka mpaka pembeni mwa ribiti (vile vichwa vidogo vya misumari kwenye bodi) ambako mswaki haufiki. Spiriti usimimine kabisa kwenye mashine, mvuke wake unashika moto! Hita ya mashine izime, plastiki isipinde. Rangi ambayo spiriti haijalainisha, mashine haiitoi, na vishikio vilivyogundishwa huwa vinabanduka.