Faida iko kwa BQ, lakini Jumamosi unalipa na nini? Kwa kontrakta wadogo wa Nakuru, Kisumu na Western

Kampuni nyingi ndogo za mjengo huku kwetu, kuanzia Nakuru ukishuka Kisumu mpaka Kakamega na Bungoma, zinafungwa zikiwa na kazi mkononi. Unapata mtu ana saiti tatu, bango la NCA, ile mamlaka ya ujenzi, limesimama vizuri pale getini, BQ, ile orodha ya kazi na bei zake, inaonyesha faida ya asilimia 15, na Ijumaa jioni anapiga simu huku na huku akitafuta elfu themanini ya kulipa vibarua kesho yake. Faida iko, pesa haiko. Sasa hapa nitaongea tu vile unaweza kujua mapema hiyo pesa itaingia lini na itatoka lini, manake hayo mengine ya kusajili kampuni na kutafuta tenda kila mtu anakufundisha.

Kabla hujasaini kazi yoyote chukua kaunta buku, chora wiki zote za hiyo kazi, kila wiki mstari wake. Upande mmoja andika pesa inatoka: leba ya Jumamosi, hadwea, lori ya mchanga na balasti, mafuta, kukodisha miksa, askari wa usiku. Upande ule mwingine andika pesa inaingia, na hapo usiandike tarehe yenye ulituma invoisi, andika tarehe yenye unaamini kabisa pesa itakuwa kwa akaunti. Tuseme ni flati pale Lanet, mwenyewe amekupea diposti ya 600,000. Wiki nne za kwanza za kuchimba na msingi zinakula milioni moja. Unaomba malipo mwisho wa wiki ya nne, QS wake, yule mpimaji wa gharama za ujenzi, anakuja kupima wiki ya tano, pesa inaingia wiki ya saba mambo yakienda vizuri, na hizo wiki tatu katikati saiti haijasimama, inakula 200,000 kila wiki. Ukijumlisha umetoa milioni 1.6 na umepokea laki sita, so uko kwa shimo la milioni moja. Hilo shimo ndilo bei ya kuingia kwa hiyo kazi. Kama huna hiyo milioni, ama huna mahali pa kuitoa, ongea diposti iongezwe ama malipo yawe kila baada ya wiki mbili, na mwenyewe akikataa yote mawili mwachie. Najua inauma kuacha kazi lakini afadhali iume sasa.

Ukishafanya hivyo kwa kila saiti, unganisha zote kwa ukurasa mmoja. Hapo ndio utaona kwa nini kazi tatu zikianza mwezi mmoja zinaua mtu ambaye kazi moja ilikuwa inamlisha vizuri.

Sasa kuja kwa setifiketi, ile karatasi inayosema umefanya kazi ya pesa ngapi, hapa ndio watu wengi hawapigi hesabu mpaka mwisho. Umefanya kazi ya 2,000,000 kwa mteja wa serikali, setifiketi imetoka. Ritensheni ya asilimia 10, pesa yenye mteja anashikilia mpaka kazi ikamilike na irekebishwe, inakatwa, 200,000, imebaki 1,800,000. Unaongeza VAT ya asilimia 16 ambayo ni 288,000, invoisi yako inasoma 2,088,000. Kabla ulipwe wanakata withholding ya asilimia 3 ya ile 1,800,000, yaani kodi ya mapato yenye mteja anakata anapeleka KRA, hiyo ni 54,000, na withholding ya VAT asilimia 2, hiyo ni 36,000. Kwa benki inaingia 1,998,000 na ukiangalia haraka unaona ni kama milioni mbili yako yote imekuja. Hapana. Ndani yake kuna 252,000 ya VAT (288,000 toa ile 36,000) ambayo si yako, utatoa VAT yenye ulilipa kwa hadwea kisha inayobaki inaenda KRA. Ukiitoa hiyo unabaki na 1,746,000. Ile 54,000 utaidai wakati wa kufaili kodi ya mwaka, kwa hivyo ingia iTax uhakikishe setifiketi ya withholding imetokea, isipotokea wasumbue waliokukata, usingoje Juni.

Na kuna jambo lingine baya zaidi. Kwa ujenzi, VAT inaanza kuhesabiwa kwa lile tukio linalokuja kwanza, na setifiketi ya akitekti ama konsaltanti ni mojawapo, sawa na invoisi. Maanake setifiketi ikitoka Machi, VAT inatakiwa kufikia tarehe 20 Aprili, ata kama mteja atakulipa Septemba. Ndio maana unaona kontrakta anakopa pesa ya kulipa kodi ya pesa ambayo hajaiona. Dawa ni kupanga tarehe za kuomba setifiketi na mtu wako wa hesabu, na kuhakikisha kila kitu umenunua kina invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za elektroniki, yenye PIN ya kampuni. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na eTIMS haikubaliki kwa kodi, kwa hivyo yule mwenye lori ya mchanga anayekupa bei ya chini lakini hana karatasi, mpigie hesabu tena, mara nyingi si rahisi vile unafikiria.

Kazi za kaunti sitakuambia uwache, watu wamejengwa na hizo kazi, na kama wewe ni kijana ama mama ile asilimia 30 ya AGPO, tenda za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na walemavu, imewekwa kwa ajili yako. Lakini soma kabla uweke bei. Ripoti za Controller of Budget ziko wazi kwa mtandao, zinaonyesha kila kaunti imetumia nini na inadaiwa pending bills ngapi, yaani madeni ambayo haijalipa. Kaunti ikiwa na deni kubwa la miaka mingi, wewe utakuwa nyuma ya hiyo laini. Uliza kama mradi uko kwa bajeti iliyopitishwa ya mwaka huu, na kumbuka mwaka wao unaisha 30 Juni, kwa hivyo kazi yenye setifiketi yake inafika mezani katikati ya Juni iko hatarini kusukumwa mwaka unaofuata, na huo mwaka nao pesa haianzi kutembea Julai mosi. Pia sheria ya manunuzi ya 2015 hairuhusu bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kusaini. Chuma ikipanda ni wewe na Mungu wako. Kwa hivyo bei ya chuma na simiti weka ile ya kesho kutwa, usiweke ya leo. Hiyo sheria pia inakuruhusu kudai riba malipo yakichelewa, na wengi hawaandiki ata barua moja ya kudai. Andika. Peleka, gongewa muhuri wa kupokelewa, weka kopi.

Kuna hii ya udongo pia. Ukitoka Nyamasaria kuelekea Ahero ni ule udongo mweusi wa Kano, ukinyeshewa unafura, ukikauka unapasuka mpaka mguu unaingia. BQ imesema mita moja na nusu, unachimba unafika hapo bado ni mweusi, injinia anakuja anasema enda chini, ongeza nusu mita, jaza maramu. Anasema kwa mdomo halafu anapanda gari. Hapo usiguse koleo. Mtumie meseji palepale, "Injinia, umeagiza tuongeze 0.5m na kujaza maramu gridi A mpaka D, naomba uthibitishe," kisha baadaye iende kwa barua ama kwa site instruction book asaini. Piga picha tepu ikiwa ndani ya shimo, namba zisomeke. Maramu ikishamwagwa na slab ikishafunika hakuna QS atakubali ulienda mita mbili. Na masika, ile ya Machi mpaka Mei, usipange kuchimba huko miezi hiyo kama una hiari, utalipa vibarua wakae wakiangalia maji.

Kwa wateja binafsi, hasa wale wako majuu wanajenga kwao Bahati ama Riat, gawanya malipo kwa hatua na kila hatua ilipwe kabla ianze: msingi, kuta mpaka lenta, kuezeka, finishing. Andika ndani ya makubaliano kwamba pesa ya hatua isipofika kazi inasimama, na isimame kweli. Kama mtaji ni mdogo chukua leba peke yake, yeye anunue vifaa mwenyewe. Faida inapungua lakini hadwea haitakupigia simu usiku.

Ndani ya saiti pesa inavuja polepole na inavuja kwa stoo. Kuna hesabu moja ya kumshika foromani bila kelele. Zege ya 1:2:4 (simiti moja, mchanga mbili, balasti nne) inakula kama mifuko sita na nusu ya simiti kwa kyubiki mita moja. Slab ya mita 60 skwea, unene 150mm, ni kyubiki 9, kwa hivyo mifuko kama 58, weka ya kupotea ifike 62. Kitabu cha stoo kikisema 76 zimetumika, kuna mifuko 14 iko kwa mjengo wa mtu mwingine. Usianze na kufukuza mtu, anza kwa kusema hiyo hesabu mbele ya wote asubuhi, uone nani atanyamaza sana. Kisha sheria iwe mfuko mtupu ndio unachukulia mwingine.

Leba lipa kwa M-Pesa ukifuata muster roll, ile orodha ya waliofanya kazi kila siku, usimpe foromani bahasha. Hapo ndipo pesa inaliwa kwa majina hewa. Na mtu akifanya kazi mwezi mzima mfululizo, sheria ya ajira ya 2007 haimuoni kama kibarua wa siku tena, kwa hivyo NSSF, SHA na housing levy zihesabu kwa bei yako tangu mwanzo, zikuwe tayari kufikia tarehe 9. Bima ya WIBA pia, ile ya mfanyakazi akiumia kazini: mtu mmoja akianguka kwa skafo bila hiyo bima, kampuni imeisha.

Mkopo ni sawa kama unaziba shimo lenye mwisho wake unajulikana. Benki na sako zingine zinakopesha juu ya LPO (oda ya mteja ya kununua) ama setifiketi, nenda huko kwanza uongee nao kabla hujabanwa. Shailoki wa asilimia 10 kwa mwezi, ukikopa laki tano na malipo yachelewe miezi mitano, riba peke yake ni laki mbili na nusu. Kazi ya milioni mbili yenye faida ya asilimia 12 inakupea 240,000. Umefanyia shailoki kazi, na umemuongezea elfu kumi juu.

Mwisho ni ritensheni, ambayo watu wanaisahau kama imezikwa. Kwa kawaida nusu inatoka ukikabidhi kazi na nusu baada ya kipindi cha marekebisho, mara nyingi miezi 6. Siku ya kukabidhi weka hiyo tarehe kwa kalenda ya simu, wiki mbili kabla yake rudi kwa jengo na fundi mmoja, rekebisha nyufa na milango isiyofunga bila kungoja kuitwa, halafu uombe ukaguzi kwa barua siku hiyohiyo. Usiihesabu hiyo pesa kwa mshahara wa saiti ingine mpaka benki itume meseji.