SOMO: Kukagua na kufungua picha ya zamani ya afisa wa jeshi, iliyo kwenye fremu ya kioo, bila kuiharibu

Wakuu, naandika mara moja tu. Atakayeniuliza tena "hii ni orijino?" nitamrudisha hapa. Mfano wangu ni Hermann von Wissmann, afisa wa Kijerumani aliyezima upinzani wa Abushiri hapa pwani mwaka 1889, maana huyo ndiye niliyemshika mkononi mara nyingi, lakini hatua ni zilezile kwa afisa yeyote wa karne ya 19.

1. Piga picha mbele na nyuma kabla hujagusa chochote.

2. Ilaze chali juu ya taulo.

3. Soma maandishi ya chini. Wissmann alipewa "von", alama ya ukabaila kwenye majina ya Kijerumani, mwaka 1890. Ikiwa jina lina "von", haikuchapwa kabla ya hapo, hata muuzaji aape kwamba ni ya wakati wa vita vya Abushiri.

4. Chukua lenzi, tazama shavu na masharubu. Ukiona mistari inayonenepa na kukonda, hiyo ni chapa ya ubao uliochongwa, kama zilizokuwa kwenye Illustrirte Zeitung ya Leipzig. Ukiona vinukta vya rangi moja vilivyopangana safu, bado yaweza kuwa ya zamani. Wajerumani walikuwa na ufundi huo tangu miaka ya 1880. Ukiona vinukta vya buluu, waridi, njano na nyeusi vimejikusanya kama ua, hiyo ni kopi ya juzi. Pole.

5. Zima taa, washa ile taa ya dukani ya kukagulia noti. Karatasi ikiwaka weupe wa buluu, ina dawa ya weupe iliyoenea viwandani baada ya Vita Kuu ya Pili.

6. Kufungua. Hapa ndipo nilipoumia, someni taratibu. Igeuze kifudifudi, ng'oa vimisumari kwa koleo, toa kadibodi ya nyuma, kisha SIMAMA. Inua pembe moja ya karatasi kwa ncha ya kisu cha siagi. Ikigoma, imeganda kwenye kioo, na kwa unyevu wetu wa pwani jambo hilo ni la kawaida. Mimi niliivuta. Ilitoka kwa sauti kama ya plasta ikibanduliwa, na nusu ya sharubu pamoja na nishani moja vikabaki kwenye kioo hadi leo. Usivute. Usilowanishe, kwani kama imepakwa rangi kwa mkono itachuruzika. Usipashe moto. Iache na kioo chake, mtafute mtu wa makumbusho au nyaraka.

7. Wakati wa kuifunga upya, weka kadi yenye dirisha katikati ili picha isiguse kioo. Selotepu marufuku.

MASWALI

Kijana_wa_Chumbageni: Mkuu hii yangu bei gani?
— Picha yenyewe iko wapi? Hatua ya 1.

Kijana_wa_Chumbageni: Fremu ni ya mninga, nzito kweli.
— Fremu hubadilishwa. Haithibitishi kitu.

BintiRaskazone: Shikamoo mwalimu. Nyuma ya yangu kuna maandishi ya Kijerumani yenye herufi za kigothi, yamejaa ukurasa mzima. Imeharibika?
— Marahaba binti. Haijaharibika, furahi! Imekatwa kwenye jarida, na hayo ni makala ya upande wa pili. Usiyagandamize kwa gundi. Yasome, huenda yakataja mwaka.

BintiRaskazone: Na ile saini chini yake?
— Swali zuri. Weka lenzi. Ikiwa na mistari au vinukta kama picha, imechapwa. Wino wa kalamu hufuata nyuzi za karatasi.

Mpangani_Asili: Huyu ndiye aliyemnyonga Abushiri hapa kwetu Desemba 1889, nyie mnampangusa vumbi?
— Sijasema mtundike sebuleni. Naeleza karatasi. Ya kwangu iko kabatini, uso ukutani.

Mzee_Kariakoo: Hata sanamu yake ya Dar ya mwaka 1909 Waingereza waliing'oa, pale sasa ipo sanamu ya Askari. Ile ya Wissmann ikapelekwa Hamburg, wanafunzi wakaiangusha 1968.
— Asante mzee.

Fundi_Ngamiani: Asiye na lenzi achukue darubini ya macho mawili, aigeuze, achungulie kwa upande mkubwa karibu kabisa na karatasi. Inakuza vizuri.
— Nimejaribu sasa hivi. Kweli! Nimeona hadi kifungo cha kola.