Kabla Hujainua Nyusi, Jua Kwanza Unachomwa Nini

Anza na kioo. Legeza paji la uso, weka kidole juu ya unyusi, usukume juu taratibu. Jicho likifunguka vizuri, basi kinachoshuka ni unyusi. Ukiona ngozi bado imelala juu ya jicho, tatizo liko kwenye kope, na upasuaji wa kope ni shughuli nyingine kabisa. Usilipie nyusi kwa kosa la kope. Na kama unyusi au kope imeshuka ghafla, upande mmoja, au mdomo nao umekwenda kombo, achana na habari za urembo, kimbia hospitali. Inaweza kuwa kiharusi.

Njia za kuinua nyusi ziko nne, na hazilingani. Sindano ya Botox hulegeza misuli inayovuta nyusi chini. Huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kwenye wiki ya pili, na huisha baada ya miezi 3 au 4. Inainua milimita chache tu, usitegemee zaidi. Nyuzi hupitishwa chini ya ngozi na nyingi huyeyuka zenyewe. Fila ni jeli ya kujaza, na sehemu iliyo kati ya nyusi mbili ni mahali pa kuiogopa: ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha jicho. Upasuaji ndio unaodumu miaka. Mara nyingi ni kwa nusu kaputi, ama kwa matundu madogo yaliyofichwa kwenye nywele na kamera, ama kwa mkato mrefu wa kutoka sikio hadi sikio. Mkato huo mrefu hupandisha mstari wa nywele, kwa hiyo mwenye paji pana aulize mara mbili. Utosi unaweza kubaki na ganzi kwa miezi. Kama ngozi yako huota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, hata ya kutoboa masikio, liseme hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa nisikilize hapa. Dada yangu alichomwa nyusi saluni, Dar es Salaam, siku kumi kabla ya sendofu ya binti yake. Bei ilikuwa nzuri, na aliyemchoma alivaa koti jeupe. Dawa ilitoka kwenye mkoba, imeshavutwa kwenye bomba la sindano. Hakuna aliyeuliza, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimeshika pochi yake. Siku ya tano asubuhi alinipigia: “Mdogo wangu, jicho la kushoto halifunguki.” Nilimkuta kope imefunika nusu ya mboni, anainua kidevu ili anione. Hospitali daktari alimuuliza maswali matatu mepesi: dawa gani, kiasi gani, ilichomwa wapi? Hatukuwa na jibu hata moja. Tulipiga simu saluni, wakasema “ile ya kawaida.” Daktari alieleza kwamba dawa ikisambaa hadi kwenye msuli unaoinua kope, kope hushuka, na kwa kawaida hurudi yenyewe baada ya wiki kadhaa. Ila bila kujua kilichoingia mwilini, hakuweza kumwahidi kitu. Jicho lilirudi baada ya wiki saba. Picha zote za sendofu ya mwanawe kavaa miwani myeusi, usiku, ukumbini.

Kwa hiyo dai kichupa. Kifunguliwe mbele yako, kikiwa kimetoka kwenye friji, kina jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Piga picha lebo. Andikiwa kiasi ulichochomwa na sehemu zake, ukae na karatasi hiyo. Anayekasirika ukiomba hayo, chukua pochi yako uondoke.

Mchomaji awe daktari aliyesajiliwa: Tanzania Bara uliza Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya uliza baraza la madaktari la huko, KMPDC. Cheti cha kozi ya urembo ukutani si leseni.

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli asiguse Botox. Taja dawa zote unazokunywa, pamoja na aspirini na za mitishamba, lakini usiache dawa ya moyo bila ruhusa ya aliyekuandikia. Sigara acha wiki kadhaa kabla ya kisu. Kama una shughuli, chomwa mwezi mzima kabla. Kwa upasuaji jipe miezi miwili au mitatu. Weka akiba ya kurudi kwa daktari, maana bima hailipii urembo. Siku ya sindano usisugue paji wala kulilalia. Baada ya upasuaji, rasta za kubana na wigi la gundi zisubiri kidonda kipone. Na ukiona giza kwenye jicho, ngozi inayogeuka rangi, kumeza kwa shida au pumzi kubana, usingoje kuche, hata kama aliyekuchoma anakwambia ni kawaida.