Somo: Kusomea Cheti cha Nne cha Afya ya Akili Australia, na Mahali Nilipoanguka

Ndugu zangu, kila wiki napokea maswali yale yale kuhusu kozi hii kutoka kwa wanachama tofauti wa kikundi chetu, na kwa kuwa ninafanya kazi za zamu siwezi tena kumjibu kila mtu peke yake. Nimeyaandika yote hapa mara moja, na atakayeuliza jambo ambalo limo tayari nitamrudisha juu akasome.

Cheti ninachokizungumzia ni Cheti cha Nne cha Afya ya Akili, yaani Certificate IV in Mental Health, nilichokisomea Melbourne kwa namba CHC43315. Nilipokisomea kilikuwa na masomo 15, 11 ya lazima na 4 ya kuchagua, pamoja na saa zisizopungua 80 za mafunzo kazini, yaani kile ambacho nyumbani tunakiita fildi. Mhitimu huajiriwa kuwasaidia watu wanaoishi na matatizo ya afya ya akili majumbani mwao, katika makazi ya pamoja, au kupitia NDIS, ule mpango wa taifa wa bima ya ulemavu. Cheti hiki hakikupi ruhusa ya kumwambia mtu ana ugonjwa gani, ya kumbadilishia dawa, wala ya kujiita mwanasaikolojia.

Hatua ya 1. Jipatie namba ya mwanafunzi, USI, ambayo hutolewa mtandaoni bila malipo.

Hatua ya 2. Ingia katika rejesta ya taifa, training.gov.au, uhakikishe kwamba kozi yenyewe bado inatolewa na kwamba chuo kimeidhinishwa kuifundisha. Namba za kozi hubadilika mitaala inaporekebishwa, kwa hiyo usitegemee namba niliyoisomea mimi.

Hatua ya 3. Uliza karo kabla ya kutia sahihi. Tangu 2019 jimbo la Victoria limekuwa na orodha ya kozi ambazo vyuo vya TAFE, yaani vyuo vya ufundi vya serikali, hufundisha bila karo kwa wanaostahiki. Majimbo mengine yana taratibu zao.

Hatua ya 4. Fanya mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu. Ufanye wewe mwenyewe, asikufanyie mwanao.

Hatua ya 5. Omba hati ya polisi, kibali cha kufanya kazi na watoto na kibali cha wafanyakazi wa NDIS mapema iwezekanavyo, kwa sababu vingine huchukua wiki kadhaa na pengine fildi haitakupokea bila hivyo.

Hatua ya 6. Kazi za kuandika. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Neno lililojaa katika vitabu vya kozi hii ni recovery. Mimi nilipolisoma nililitia kichwani kama kupona, na kwetu mtu amepona homa inapomwachia, jipu linapokauka, daktari anapomwambia arudi nyumbani. Tulipewa kisa cha mwanamume mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, ambaye bado alikuwa akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, lakini alikuwa amerudi kwenye kwaya yake, anajilipia pango, na amepatana na dada yake. Tukaulizwa msaidizi afanye nini. Nikaandika kurasa tatu za kueleza kwamba mtu huyu hajapona, na kwamba msaidizi amsimamie anywe dawa mpaka sauti ziishe. Kazi ikarudi imeandikwa "bado hajafuzu". Nikabadilisha "hajapona" nikaweka "amepata nafuu", nikairudisha, ikakataliwa tena. Nilikasirika, nikawaambia wenzangu kwamba mwalimu ana lake jambo na sisi wageni. Mara ya tatu mwalimu alinikalisha akaniuliza: mtu huyu mwenyewe anataka nini? Nikagundua kwamba katika kurasa tatu zile sikuwa nimeandika hata sentensi moja juu ya anachokitaka yeye.

Katika kozi hii, recovery ni mtu kuishi maisha aliyoyachagua na yenye maana kwake, dalili ziwepo au zisiwepo. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walipitia maandiko mengi kuhusu jambo hili wakayakusanya katika mihimili mitano: mahusiano na watu, matumaini, kujitambua mtu upya, maana ya maisha, na uwezo wa kujiamulia. Soma kisa tena ukiwa na mihimili hiyo mkononi, utaona kwamba mwanakwaya yule alikuwa amekwisha kufika mbali sana na mimi ndiye niliyekuwa nimebaki nyuma.

Tahadhari ya kwanza: usiandike kwa Kiswahili kisha ukatia kwenye programu ya kutafsiri, kwa kuwa kosa la maana litavuka pamoja na maneno. Tahadhari ya pili: usimwite mtu kwa jina la ugonjwa wake. Tahadhari ya tatu, iliyoniuma zaidi: kosa hilo hilo litakufuata kutoka kwenye karatasi hadi nyumbani kwa mteja. Siku yangu ya pili ya fildi nilikuta vyombo vya siku tatu kwenye sinki. Nikavaa glavu, nikaosha vyote, nikadeki, na chakula nikapika. Nilijiona mtu mwema kupita kiasi. Msimamizi aliponiuliza, "Na yeye leo amefanya nini?", jibu lilikuwa kwamba ameketi akitazama mgeni akimwendeshea nyumba. Safari iliyofuata tuliosha pamoja vikombe viwili, kisha akaniambia mwenyewe kwamba vinatosha kwa siku hiyo.

Hatua ya 7. Fildi. Hakikisha makubaliano kati ya chuo na mahali unapokwenda yametiwa sahihi kabla ya saa ya kwanza, maana saa za kabla ya hapo huenda zisihesabiwe. Katika kumbukumbu za kila siku, andika ulichokiona na ulichokisikia, usiandike ulichokidhania. "Alikuwa mkorofi" ni hukumu. "Alipaza sauti, akasema hataki kwenda, akafunga mlango wa chumba chake" ni taarifa ambayo mwenzako wa zamu ya usiku anaweza kuifanyia kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkazi wa Footscray: Dada, asante kwa somo. Kozi ni shilingi ngapi, yaani dola ngapi?

Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Logan: Dada, naomba unitumie zile kazi zako zilizofaulu nizitazame tu, sitanakili.

Jibu: Sitatuma. Vyuo hupitisha kazi kwenye programu za kulinganisha maandishi, na ukinaswa utaingia matatani wewe na mimi. Ukitaka, niandikie aya moja uliyoiandika mwenyewe, nami nitakuambia pale ninapoona imepinda.

Baba wa Toowoomba: Nimesoma habari ya vyombo na sijapendezwa. Huruma ndiyo malezi yetu. Mama akiugua, jirani anafua, anapika, wala haulizi mihimili mitano. Sasa tumefika kwa wazungu tunafundishwa kuketi na kuwatazama wagonjwa?

Jibu: Shikamoo baba. Sikuandika kwamba tuketi tukitazama, na naomba usinisomee nisichokiandika. Jirani anayefua ni jirani. Kesho naye ataugua na mama yule atamfulia, kwa hiyo hakuna anayeonekana hana uwezo. Mimi ninalipwa, na mteja hana namna ya kunilipa wema huo isipokuwa kwa kuniachia maamuzi ya nyumba yake. Akiwa na homa kali nitaosha vyombo vyote bila kuuliza. Asipokuwa nayo, sina haki ya kumpokonya kazi anazoziweza.

Mama wa Dandenong: Habari za kazi, mwanangu. Mimi ninaanza mwezi ujao. Mtu akisema anasikia sauti ya marehemu mama yake, nimwambie hakuna sauti, au nikubali kwamba ipo? Kote naona ni makosa.

Jibu: Nzuri, mama yangu, na shikamoo. Swali hili ni zuri kuliko yale niliyouliza mimi darasani. Tulifundishwa kutobishana na kutokuthibitisha. Ukimwambia hakuna kitu, unamfundisha kwamba wewe si mtu wa kuambiwa mambo. Ukisema unaisikia, umemdanganya. Shika hisia yake: "Mimi siisikii, lakini naona inakusumbua. Inakuambia nini?" Swali la mwisho ni la lazima, kwa sababu sauti inayomwimbia si sawa na sauti inayomwamuru ajidhuru. Ikiwa inamwamuru, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, mjulishe msimamizi, na hatari ikiwa ya papo hapo piga 000. Halafu, kumsikia marehemu wakati wa msiba huwapata watu wengi ambao hawana ugonjwa wowote, kwa hiyo uliza pia mama alifariki lini.

Mama wa Dandenong: Nimekuelewa. Je, kuna mafunzo mafupi ya jambo hili?

Jibu: Yapo, huduma ya kwanza ya afya ya akili, ambayo yalianzishwa hapa hapa Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener na Anthony Jorm, na sasa yameenea nchi nyingi. Ukiyapata kabla ya fildi utaingia na moyo uliotulia.

Muuguzi mpya Geelong: Nimefanya kazi ya uuguzi wa akili Dodoma miaka sita. Ni lazima nianze mwanzo?

Jibu: Si lazima. Omba chuo kitambue ujuzi wako wa awali. Peleka vyeti vyako vilivyotafsiriwa, barua za waajiri zinazoeleza kazi ulizofanya na si cheo tu, na uwe tayari kuhojiwa. Ila somo la usalama wa kitamaduni kwa wenyeji wa asili wa nchi hii, yaani kuwahudumia bila kudharau mila zao, nakushauri ulisome darasani hata ukisamehewa mengine, kwa sababu Dodoma hakuna aliyekufundisha.

Kijana wa Logan: Mteja akiwa Mkongomani na mimi najua Kiswahili, si nimtafsirie tu kwa daktari?

Jibu: Hapana. Wewe ni msaidizi wake, huwezi kuwa na kofia mbili. Mwombe daktari apige 131 450, huduma ya taifa ya wakalimani, aitishe mkalimani wa Kiswahili. Kisha msaidie mkalimani kwa kumwambia mapema mteja ni mtu wa wapi, maana neno "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha, Mtanzania atalielewa, Mkenya atatarajia "unyogovu", na mzee wa Uvira huenda akatazama juu akisubiri mseme jambo linaloeleweka.

Mama wa Dandenong: Kwetu Uvira tunasema tu "ana mawazo mingi".

Jibu: Asante mama, nimeliandika kwenye daftari langu. Wengine mliotoka Bujumbura, Kigoma na Lubumbashi, leteni ya kwenu, na muandike kando mahali neno linapotumika.