Gari linavuma likikimbia: tafuta chanzo kabla ya kununua beringi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja anayekuja mjini kila asubuhi kutoka Mambrui aliniletea gari lake, Toyota Succeed, hapa Malindi, mkononi kashika beringi mbili mpya, zile zinazozungushia magurudumu. "Fundi, nifungie hizi mbele. Gari linanguruma tangu Sabaki mpaka hapa, hata redio sisikii." Nikamuuliza, "Mwalimu, nani kakwambia ni beringi?" Akajibu kuwa ni abiria aliyempa lifti. Tukaingia garini, tukazunguka nusu saa, na beringi zikarudi dukani ndani ya pakiti zake. Kilichokuwa kikinguruma ni tairi la nyuma.

Naandika njia tuliyopita kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima na beringi isiyo na kosa kwa kuruka hatua moja. Nitaieleza ikifika zamu yake.

1. Hakikisha sauti inafuata magurudumu, si injini

Nenda kilomita 60 kwa saa mpaka uisikie vizuri. Kama gari ni otomatiki, zima O/D (gia ya juu kabisa) au shusha gia moja huku ukishikilia kasi ileile. Injini itapanda, lakini wewe sikiliza ule mvumo tu. Ukibaki vilevile, injini haimo. Ukipanda pamoja na injini, angalia eksozi na mikono inayoishika injini, na mwongozo huu si wako. Gari la gia za mkono, kanyaga klachi uliache liteleze. Usizime injini gari likiwa mwendoni, maana stelingi na breki zitakuwa nzito.

2. Ondoa upepo

Funga madirisha yote, na kama una keria juu ya paa, ishushe. Siku za kusi kali keria tupu huvuma kama nyuki mzingani, na mvumo hupanda na kasi kama wa beringi.

3. Tairi kwanza, kila mara

Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, mbele kwenda nyuma, kisha rudi. Upande mmoja ukiteleza na mwingine ukakwaruza kama msumeno, tairi limelika vibaya na litavuma hata likiwa na meno marefu. Tairi la mwalimu kwa macho lilikuwa zuri kabisa. Nilipomshika mkono nikaupitisha juu ya bega la ndani, akashtuka mwenyewe: vibonde na vilima kila baada ya upana wa vidole vitatu. Tairi likilika hivyo, tazama na shokabsoba yake (inayozuia gurudumu lisirukeruke), la sivyo hata jipya litaisha vivyo hivyo.

Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa zamani hukakamaa, na mpira mkavu hupiga kelele.

Kisha badilisha barabara. Toka kwenye lami uingie ya vumbi: mvumo wa tairi hupotea au hugeuka sauti nyingine, wa beringi hubaki chini ya kelele za kokoto. Usipime kwenye kabro za mjini, kwa sababu kabro huvumisha tairi lolote.

Mwisho, hamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, upande uleule. Sauti ikihama au ikibadilika, umemaliza kazi kwa jeki na spana ya magurudumu tu.

4. Lipime gari kwa kuliegemeza

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo vumilia.

Gari likikata kulia, uzito hulalia kushoto. Likikata kushoto, hulalia kulia. Beringi mbovu ikiongezewa mzigo hulia zaidi. Kwa hiyo kama mvumo unapanda ukikata kulia na kupungua ukikata kushoto, shuku beringi ya upande wa kushoto.

Usilifanye hili kwenye kona kali. Kona kali hulifanya tairi lenyewe lipige kelele nawe ukadanganyika. Tafuta barabara iliyonyooka na iliyo tupu. Mimi hutumia ya kwenda Kakoneni asubuhi na mapema, kabla mbuzi na bodaboda hawajaamka. Kwa kilomita 60, ndani ya upande wako, yumbisha gari polepole kama jahazi linavyolala kwenye wimbi: kushoto kidogo, kulia kidogo. Mwenzako akae kiti cha nyuma, asikilize tu. Kukiwa na gari jingine barabarani, acha mpaka lipite.

Sasa tahadhari zake. Kwanza, jaribio hili hukwambia upande, halikwambii mbele au nyuma. Pili, mara chache beringi hufanya kinyume: ikilemewa hunyamaza, ikipunguziwa ndiyo hulia. Tatu, zikiwa mbovu zote mbili, mvumo haubadiliki sana na utadhani ni tairi.

Na nne, usiamini sikio lako likiwa kiti cha dereva. Probox yangu ilikuwa ikilia, naapa, mguuni kwa abiria, mbele kushoto. Nilikwisha kuwaambia watu wote gerejini kuwa ni beringi ya mbele kushoto. Nikafungua, nikaenda presi (mashine ya kusukumia beringi) kwa jirani, nikafunga mpya, jua likazama. Nikatoka kujaribu: mvumo uleule. Beringi niliyoitoa ilikuwa laini kama siku iliyotoka kiwandani. Mbovu ilikuwa ya nyuma, tena upande wa kulia. Sauti hupita kwenye bodi la chuma, na gari lenye buti wazi kama Probox ni ngoma kubwa: unapigwa nyuma, unasikia mbele. Tangu siku ile sifungui kitu kwa ushahidi wa sikio la ndani ya gari.

5. Gari juu, mkono kwenye springi

Ardhi yetu ni mchanga na jeki huzama. Weka ubao mpana chini yake, kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, kisha stendi. Jeki peke yake haitoshi kumkinga mtu.

Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja na ncha za vidole vya mkono wa pili ziguse springi ya gurudumu hilohilo. Hii ndiyo hatua niliyoiruka mimi. Beringi nzima huzunguka kimya. Mbovu utaisikia vidoleni kabla ya masikioni, kama mtu anayesaga mtama kwa mbali. Linganisha na upande wa pili, kisha urudi tena. Pedi za breki nazo hukwaruza, lakini hukwaruza mahali pamoja kwa kila mzunguko. Beringi husaga mfululizo.

Halafu shika juu na chini ya tairi utikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, tazama bojointi (kiungo cha gololi kinachoshikilia gurudumu). Lakini kutocheza si cheti cha afya, kwani beringi nyingi zilizo ngumu kabisa zimekwisha kulia kwa miezi.

Wako mafundi wanaowasha injini na kutia gia gari likiwa juu ili wasikilize kwa bisibisi ndefu. Kwangu hilo haliruhusiwi. Gurudumu moja likiwa hewani na la pili chini, lile la hewani huzunguka mara mbili ya kasi inayoonyeshwa na mshale, na gari likiteleza hakuna wa kulizuia.

6. Kama zote ni nzima

Pikapu na Hiesi, tazama difu (gia za ekseli ya nyuma): mvumo ukija unapokanyaga mafuta na kubadilika unapoyaachia, fungua difu upime oili yake. Gari la kuvuta mbele, jambo hilo huwa ndani ya giaboksi.

7. Kufunga mpya

Tumia presi. Nyundo hutia alama ndani ya beringi mpya, nayo italia baada ya muda mfupi. Ukiisukuma ndani ya chuma kinachoibeba, sukuma pete ya nje; ukisukuma habu (kitovu cha gurudumu) ndani yake, shikilia pete ya ndani. Ukikosea, mzigo wa presi unapita kwenye gololi. Yenye sumaku ya ABS (breki zinazozuia gurudumu lisigande), uso wa sumaku utazame sensa. Usilishushe gari chini kabla nati ya shafti haijakazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, na weka nati mpya.

Ile ya zamani ipasue uitazame. Ya Probox yangu grisi ilikuwa imegeuka maji mekundu kama udongo wa Marafa, na njia ya gololi imejaa vishimo kama sufuria iliyoliwa na chumvi. Nilikuwa nimelipitisha gari kwenye maji ya mafuriko nikasahau. Ukiona hivyo, fungua na ya upande wa pili, maana zilioga pamoja.

Kisha nenda Kilifi taratibu bila redio. Ukifika, gusa habu kushoto na kulia ulinganishe joto, ukaze nati za magurudumu mara ya pili, urudi.