Mtoto yuko chuo: namna ya kumdai kama mtegemezi kwenye kodi ya Marekani

Ukifika msimu wa kodi, wazazi wengi huniuliza: "Mwanangu anasoma jimbo jingine, analala bweni, bado ni wangu kwenye fomu?" Mara nyingi ni wako, yaani unaweza kumdai: kumwandika kwenye fomu yako ya kodi kama mtu unayemtunza. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Mpigie simu kwanza. Muulize kama ameshafaili, yaani ametuma fomu yake ya kodi. Vijana wakipata W-2 (karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka) ya kibarua hufaili kwenye simu haraka haraka, wakaruka kisanduku kinachosema kuna mtu anayeweza kuwadai. Kufaili anaruhusiwa, ila kisanduku hicho akitie alama. Asipotia, fomu yako ya mtandaoni inaweza kukataliwa. Hapo yeye arekebishe kwa 1040-X, fomu ya kusahihisha kodi iliyokwishatumwa. Wewe omba IP PIN (namba ya siri ya utambulisho) ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, utume tena, au tuma kwa posta.

Hatua ya 2: Undugu na umri. Mwanao, wa kambo, mdogo wako, mpwa, mjukuu: wote wamo. Binamu hayumo katika kundi hili, hata kama mmekula sahani moja tangu utoto. Awe chini ya miaka 24 ifikapo 31 Desemba, na awe amesoma masomo ya muda wote katika miezi 5 ya mwaka huo. Aliyesoma Januari hadi Mei akahitimu, ametimiza.

Hatua ya 3: Makazi. Awe ameishi nawe zaidi ya nusu mwaka. Bweni huhesabiwa kama yuko nyumbani. Ila mtoto anayeishi Nairobi au Goma, asiye raia wala mkazi wa Marekani kikodi, hadaiwi, hata kama ada yote unatuma wewe. Hili huwauma wengi.

Hatua ya 4: Nani amemtunza? Hapa ndipo watu hujikwaa. Huulizwi kama *wewe* umelipa zaidi ya nusu. Swali ni kama *yeye* amejilipia zaidi ya nusu ya matunzo yake. Chukua karatasi: chumba, chakula, bima, ada, nauli. Tuseme ukiacha ufadhili, jumla ni dola 16,000. Ametumia dola 5,000 za mkopo ulio kwa jina lake na dola 2,000 za mshahara. Hizo ni 7,000, chini ya nusu, basi amepita. Ufadhili wa masomo hauhesabiwi kuwa wake. Mkopo wa jina lake unahesabiwa. Mshahara aliouacha benki bila kuutumia, uache.

Hatua ya 5: Jaza. Kwenye 1040, fomu yako kuu ya kodi, andika jina lake kama lilivyo kwenye kadi ya Soshali (Social Security). Mtegemezi wa umri huu hukupunguzia kodi hadi dola 500. Pesa kubwa zaidi iko kwenye Fomu 8863, ya nafuu ya kodi kwa gharama za masomo: hadi dola 2,500 kwa mwaka, kwa miaka 4 ya kwanza ya chuo, ikiwa kipato chako hakijavuka kikomo. Mwambie aingie kwenye akaunti yake ya chuo apakue 1098-T, karatasi ya chuo ya malipo ya ada, kisha linganisha kisanduku cha 1, malipo, na cha 5, ufadhili. Risiti za vitabu usizitupe. Nazo zinaingia kwenye hesabu, ingawa 1098-T kwa kawaida haizionyeshi.