Namna ya Kurekodi Albamu Yako Mwenyewe Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mwimbaji anayetunga nyimbo zake na asiye chini ya lebo yoyote anapaswa kuanza albamu yake kwa kutazama kalenda. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na upande wa Rungwe hupitiliza hata Mei. Kwa kuwa nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa bati, hakuna maikrofoni itakayoitenga sauti yako na kishindo cha mvua juu ya paa. Hilo nililijua mwezi wa tatu nikiwa Tukuyu, nilipopoteza jioni nne mfululizo nikisubiri mvua ikatike, na nyimbo mbili nilizolazimisha kuzirekodi ikanibidi kuzirudia zote. Panga kurekodi kati ya Juni na Agosti, na miezi ya mvua uitumie kuchagua nyimbo.

Katika kuchagua, rekodi kila wimbo ulio nao kwa simu, sauti na gitaa peke yake, kisha uziweke rekodi hizo kando kwa wiki mbili kabla ya kuzisikiliza. Wimbo usiosimama wenyewe kwa sauti na gitaa hautasimamishwa na biti ya prodyuza, na kwa maoni yangu nyimbo tisa zilizoiva ni bora kuliko kumi na tano zilizojazwa ili orodha iwe ndefu. Ikiwa una beti za Kinyakyusa, Kihehe au Kisafwa, usizitoe kwa kuhofia kwamba msikilizaji wa mbali hatazielewa. Ziandike kwa usahihi pamoja na tafsiri yake, kwa sababu utazihitaji utakapochapisha maneno ya nyimbo.

Chumba ndicho kinachostahili juhudi zako nyingi kuliko kitu kingine chochote. Chumba kitupu chenye kuta za saruji hurudisha mwangwi unaoingia ndani ya kila neno, na mwangwi huo ukisharekodiwa ni vigumu sana kuuondoa. Chagua chumba kidogo chenye kitanda, nguo na makochi, kisha utundike mablanketi mazito, yale yale tunayojifunika mwezi wa Julai. Yatundike kwanza nyuma ya mgongo wako, kwa kuwa maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, na kinachoingia humo pamoja na sauti yako ni kile kinachorudi kutoka ukuta ulio nyuma yako. Trei za mayai ambazo wengi hubandika ukutani hazizuii kelele za nje, na mwangwi huupunguza kidogo tu.

Anayeishi karibu na barabara kuu ya kwenda Zambia, iwe Uyole au Mbalizi, anajua kwamba malori hayalali, lakini baada ya saa nne usiku kuna vipindi virefu vya utulivu ambavyo mchana huvipati. Usiku huo huo una baridi, na baridi hukaza nyuzi za chuma hadi sauti yake ikapanda. Liache gitaa ndani ya chumba cha kurekodia kwa nusu saa kabla ya kulityuni, na ulikague tena kila baada ya wimbo. Koo nalo lipashe moto kwa maji ya uvuguvugu na kwa kuimba taratibu kabla ya kupandisha sauti.

Weka maikrofoni sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, ukiielekeza pembeni kidogo ili pumzi za herufi "p" na "b" zisiipige moja kwa moja. Kwa gitaa, iweke umbali wa sentimita 30 hivi, ikitazama mahali shingo inapokutana na mwili wa gitaa. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mvumo mzito unaofunika maneno. Katika programu ya kurekodia, chagua ubora wa biti 24 (kipimo cha kidijitali, si mdundo), kilele cha sauti kikikaa karibu na desibeli -10, na uendeshe kompyuta kwa betri, kwa sababu chaja mara nyingi huingiza mvumo wake.

Miksi, yaani wimbo ukishachanganywa sauti na ala, isikilize kwa spika ya simu na, ikiwezekana, ndani ya daladala. Usimruhusu mtu aibane masta, yaani rekodi ya mwisho iliyo tayari kutolewa, ili isikike kubwa, kwani Spotify husawazisha nyimbo kuelekea kiwango cha LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na masta iliyobanwa itashushwa tu huku uhai wake ukiwa umekwisha kupotea.

Kabla mpiga gitaa au prodyuza hajagusa kazi yako, andikeni karatasi moja inayosema nani katunga maneno, nani katunga melodi, na masta ni ya nani, kisha msaini. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa kukosa karatasi hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi tangu kazi inapoundwa, lakini kuisajili kazi COSOTA, taasisi ya hakimiliki Tanzania, hukupa ushahidi siku ya mgogoro, nawe mwenyewe ujisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii.

Kava liwe la mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Pakia albamu kwa msambazaji kama DistroKid au TuneCore wiki nne kabla ya siku ya kutoka, uhakikishe kila wimbo una namba yake ya ISRC, inayoitambulisha rekodi hiyo popote, na upendekeze wimbo mmoja kwa wahariri wa Spotify siku zisizopungua 7 kabla. Tangu 2024 jukwaa hilo halilipi wimbo ambao haujachezwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hiyo usiweke tumaini lako lote huko. Weka nyimbo kwenye flashi, uzipeleke kwa madereva wa mabasi ya Kyela na Tunduma na kwenye vibanda vya kurushia nyimbo pale Mwanjelwa, na kila flashi uandike namba ya simu utakayopokelea maombi ya kutumbuiza.